Gari la Baba Bondeni Kerio

Mama hakulipenda gari la Baba na hakujisumbua kulificha hilo. Wageni wakija kwetu, pembeni mwa Kapsoya, Eldoret, wakaomba kuonyeshwa gari la kale la Kijerumani walilosikia habari zake, aliwaelekeza kwa kidevu kwenye stoo ya mahindi kisha akarudi jikoni. Kosa la gari lilikuwa moja, na alilitaja kila alipopata msikilizaji: lilikula ng'ombe wake, halafu halikumfikisha kwao hata siku moja.

Ni kweli lilikula ng'ombe. Baba aliuza wale wa maziwa, aliokuwa akiwakama Mama kwa mikono yake, akalinunua kwa mzungu mmoja mkulima wa ngano aliyekuwa akifunga virago kurudi Ulaya. Na ni kweli halikumfikisha kwao. Kwao Mama ni chini, kwenye sakafu ya Bonde la Kerio, na siku hizo barabara ya kuteremka kutoka Iten ilikuwa ya changarawe ya murram, yenye kona kali kiasi kwamba dereva aliweza kusoma nambari ya gari lake mwenyewe kwa nyuma. Gari lilikaa chini sana, karibu na ardhi, na Baba alihofia tumbo lake kukwaruza mawe. Mwaka ujao, alimwambia Mama, barabara ikitengenezwa. Mwaka ujao ulikuja ukapita, ukaja mwingine, barabara ikatiwa lami, na kufikia hapo gari lilikuwa bovu na Baba mgonjwa. Tulimzika Baba kabla hajatimiza ahadi.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi alipoona picha za gari kwenye simu ya jamaa fulani, akapiga kusema analitaka jinsi lilivyo na atakuja na lori lake kulichukua, Mama hakukesha akiwaza. Alituita mimi na ndugu yangu mkubwa, akatumiminia chai, akatoa hukumu.

"Hiyo gari itanipeleka kwetu na kunirudisha," alisema. "Ikirudi ikivutwa na kamba, iende Nairobi. Ikirudi yenyewe, ikae."

Ndugu yangu alicheka. Mimi sikucheka, maana gari lile lilikuwa limekula jioni zangu na Jumamosi zangu kwa miaka. Nilianza kulifufua Baba alipofariki, na nikiwa chini yake na spana mkononi, harufu ya oili ikinijaa puani, nilihisi yuko karibu akinikosoa. Likipanda lori la mtu wa Nairobi, nilijua ningekuwa nimemzika Baba mara ya pili.

Kazi yangu ni mashine. Nina duka mtaa wa Pioneer, nauza vipuri vya mashine za kukamua ng'ombe na za kukata majani, na vijana wa boda boda huniletea kabureta zilizowashinda. Lakini ukiniuliza nilitaka kuwa nani, nitakujibu kama mtoto yeyote wa Eldoret: mkimbiaji. Kila nyumba huku ina mkimbiaji wake. Yetu ilikuwa na mmoja na nusu. Mmoja ni ndugu yangu, aliyeshinda mbio ndefu ng'ambo na kupokewa uwanja wa ndege kwa nyimbo. Nusu ni mimi. Nilikimbia tangu shule ya msingi, nikakimbia wilaya na mkoa, na nilikuwa wa nne. Simaanishi mara moja. Nilikuwa wa nne kwa uaminifu mkubwa, kama mtu aliyeajiriwa kushika nafasi hiyo.

Anayejua desturi yetu anajua maana ya hilo. Mshindi akifika hunyweshwa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti ndani, hadharani, kila mtu akiona. Mama alikuja kwenye kila mashindano yangu na kibuyu amekifunga kwa leso, amekipakata kama mtoto. Na kila mara tulirudi nacho kikiwa kimejaa. Jioni tuliyanywa maziwa yale kwa ugali. Hadi leo nikionja mursik nikiwa mezani, nahisi aibu kidogo.

Sasa nilieleze gari, maana bila hivyo hutaelewa kilichotupata bondeni.

Babu yake ni lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, ambalo mapadri na walimu wa zamani waliliendesha huku hadi milango ikadondoka. Kutoka kwa babu huyo akazaliwa mtoto mwenye mbio, na mapema miaka ya sitini mtoto naye akampata huyu wetu. Ukoo mzima una ukaidi mmoja: injini iko nyuma kabisa, nyuma hata ya magurudumu ya nyuma, na mizigo hukaa mbele. Wageni wetu walikuwa wakifungua boneti, wakakuta tairi la akiba na jembe la Baba, wakadhani injini imeibwa.

Injini yenyewe ina silinda sita, na hazikusimama wima kama za magari mengine. Zimelala chali, tatu upande huu na tatu upande ule, miguu ikikutana katikati, kama sisi watoto tulivyolazwa mzungu wa nne wageni wakijaa nyumbani. Kwa hiyo hukaa chini, karibu na barabara, na mapigo ya upande huu hutulizwa na mapigo ya upande ule. Haina rejeta wala tone la maji. Feni kubwa huipulizia upepo, na oili nyingi huzunguka kutoka kwenye tangi lake ikibeba joto kulitoa nje. Oili hiyo hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma. Ukiipima ikiwa baridi itakudanganya, na wengi wamedanganywa wakaijaza kupita kiasi.

Uzito huo wote wa nyuma una hila. Ukiingia kona kwa kasi ukaogopa, ukaachia mafuta katikati ya kona, mkia hutaka kutangulia kichwa. Wajerumani walilijua tatizo, na kwa muda dawa yao ilikuwa kuficha vyuma vizito nyuma ya bampa la mbele ili pua itulie. Baadaye waliyasogeza magurudumu ya nyuma na kuyatengeneza vizuri zaidi. La Baba ni la kabla ya hapo. Yeye hakusoma kokote habari za vyuma, lakini alikuwa na gunia la mahindi ambalo halikutoka kwenye buti la mbele mwaka mzima, na akiulizwa alisema gari hili linaenda vizuri likiwa limeshiba. Nilipokuja kusoma walichofanya Wajerumani kiwandani nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akaniuliza kama niko sawa.

Magari ya aina hii yalikuja Kenya pia kwenye mashindano makubwa ya magari ya wakati wa Pasaka, yakapita kwenye matope yetu na vumbi letu. Yalipendwa sana, yakafika ya pili zaidi ya mara moja, na kombe likaenda na wengine. Nadhani hapo ndipo nilipolipenda hasa. Mimi na lile gari tulikuwa na mengi ya kuzungumza.

Ugonjwa wake mkubwa hapa Eldoret ulikuwa pumzi. Petroli na hewa huchanganywa kwenye kabureta, na kiasi cha petroli hupimwa na jeti, kipande cha shaba kidogo kama shanga chenye tundu katikati. Injini yetu ina jeti kuu sita, moja kwa kila silinda, na matundu yake yalitobolewa kwa ajili ya hewa nzito ya Ujerumani. Huku juu hewa ni nyepesi. Petroli ikazidi hewa, gari likatoa moshi mweusi, plagi zikajaa masizi, na nguvu zikapungua. Niliagiza jeti zenye matundu madogo zaidi, nikaondoa zile za zamani na kuziweka dirishani jikoni kwa Mama zikauke. Siku ya tatu hazikuwepo. Nilimlaumu paka, kisha nikamlaumu ndugu yangu, kisha nikaacha, kwa sababu jeti mpya zilikuwa zimeleta muujiza. Kwenye barabara ya Chepkoilel gari liliimba. Wanafunzi wa chuo cha huko walisimama kando wakalipiga picha, na mimi nikapita tena ili wasiokuwa tayari nao wapige.

Ndugu yangu, ambaye siku hizi hufundisha wakimbiaji, alilitazama likipanda bila moshi akatoa maoni ya kitaalamu.

"Hiyo gari sasa ime-train high altitude," alisema. "Ikishuka Kerio, nani ataishika?"

Nami nikamwamini. Ungeniuliza dukani ningefikiri vizuri, lakini hili ni jambo ambalo mtu wa Eldoret hanyonyi maziwa bila kulisikia: fanya mazoezi juu, ushinde chini. Wazungu hupanda ndege kuja kukimbia Iten kwa ajili hiyo. Tumeona majirani wakiteremka na mapafu yao wakarudi na medali. Haikunijia kabisa kwamba chuma hakina damu. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, walisema waliotutangulia, na mimi nililala fofofo.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alivaa gauni la kanisani, akaketi kando yangu, na magotini akapakata kibuyu kilichofungwa kwa leso. Niliamini ni cha mjomba, mdogo wake aliyebaki bondeni. Ndugu yangu alitufuata kwa pikapu yake, na kamba ya kuvutia gari aliiweka mahali ambapo Mama angeiona. Gunia la mahindi lilikuwa mbele. Kutoka Iten tuliteremka kona baada ya kona, mguu wangu ukiwa mtulivu, mabonde ya samawati yakifunguka chini yetu, na Mama hakusema lolote ila kutaja watu: pale aliolewa nani, pale fulani alianguka na punda. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo ndani ya gari.

Kwa mjomba watu walimiminika kama harusini. Mama alitembezwa kulizunguka gari mara kadhaa kama bibi harusi, wazee wakagonga bati kwa fimbo, wakauliza maji yanatiwa wapi. Tulikula mbuzi. Mke wa mjomba alipoinua mkono kukipokea kibuyu, Mama alikivuta kwake kwa upole, akampa sukari na unga tuliokuja nao. Niliona ajabu, lakini kwetu mama hahojiwi mbele za watu.

Shida ilianza tuliporudi. Kwenye tambarare, jua limekaza, injini ilianza kukohoa na kutema mlio mkali kupitia kabureta. Tulipofika chini ya mlima nikakanyaga mafuta, nguvu haikuja, bali nilisikia mgongano mwembamba wa chuma, kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo. Nikaangalia joto la oili, lilikuwa limepanda mno. Niliegesha chini ya mgunga nikazima.

Ndugu yangu aliegesha nyuma yetu akashuka na kamba begani. Sitasema alifurahi, lakini hakuonekana kuumia.

"Si ilifanya mazoezi juu?" aliuliza, na alikuwa anauliza kwa kweli.

Ndipo akili yangu ikarudi. Nilimweleza huku nikijieleza mwenyewe. Mkimbiaji akikaa juu, mwili wake hujibadilisha, damu yake ikajifunza kubeba hewa zaidi, na akishuka huenda na faida hiyo. Gari halijifunzi. Tundu la jeti ni lile lile juu na chini. Nilikuwa nimelipunguzia petroli ilingane na hewa nyepesi ya Eldoret, na sasa liko kwenye hewa nzito, petroli ni kidogo, moto wake ni mkavu na mkali. Nikililazimisha kupanda vile, litatoboa pistoni kabla ya Tambach, katikati ya mlima. Linahitaji jeti za zamani, zenye matundu makubwa. Nikasema nilikuwa nazo, sita, za shaba, nikaziweka dirishani, zikapotea.

Nilikaa kwenye jiwe nikajifunika uso. Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nililiona akilini lori la Nairobi likirudi nyuma kuingia uani kwetu. Nilijiona nikivuka mstari nikiwa wa nne.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa ameketi bado ndani ya gari, mlango wazi, anakitazama kibuyu. Kisha akafungua leso polepole, akakigeuza ili niuone mkanda wa ngozi wa kubebea. Alikuwa ameushona upya kwa shanga nyekundu na nyeupe, na kati ya shanga, zimeng'arishwa hadi zinameta, zilikuwa jeti zangu.

"Ni hizi?" aliuliza. "Nilifikiri umezitupa."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mama angeweza kukaa kimya, kibuyu kimefunikwa, kamba ifungwe, na gari lililokula ng'ombe wake liende zake. Alikata uzi kwa meno. Alizitoa moja moja, akaziweka kwenye kiganja changu, na ya mwisho akaifuta kwa gauni lake la kanisani.

Injini ilipopoa nilifanya kazi. Mwenye kutengeneza kabureta zile alikuwa na huruma: jeti zinafikiwa kwa kufungua kizibo pembeni, bila kuivunja kabureta yote. Niliziosha kwa petroli, nikazichungulia kuelekea jua. Uzi wa Mama ulikuwa umeyaweka matundu safi. Ndugu yangu alinishikia bisibisi bila kuombwa. Nilipowasha, mlio ulikuwa mwingine kabisa, mzito, umetulia, na sikuhitaji mtu kuniambia.

Nikamwambia Mama ashike vizuri. Tulipanda. Naliandika hili nikiwa natabasamu, kwa sababu sijawahi kuendesha kitu chochote vile na huenda nisiendeshe tena. Magari ya injini ya mbele yakipanda mlima, magurudumu yanayosukuma huwa mepesi. Hili hukalia magurudumu yake kama mama mboga wa sokoni kwenye kiti chake, na kadiri mlima unavyosimama ndivyo linavyoshika zaidi. Niliingia kila kona polepole na kutoka nikiwa nimekanyaga, na katikati ya kona sikuachia, hata mara moja. Tulipita malori ya mchanga. Tulipita basi, na abiria wakatoa vichwa. Feni nyuma yetu ilivuma, ukuta wa mlima ukaturudishia sauti yetu, na Mama, mwanamke asiyecheka mbele ya mashine, alikuwa anacheka, mkono mmoja umeshika leso kichwani, mwingine kibuyu.

Juu ya Tambach nilitazama kioo. Pikapu haikuwepo. Simu ya Mama ikalia, na ndugu yangu akaeleza kwa unyonge kwamba rejeta yake imechemka, akauliza kama tuna maji. Mama alimjibu kwamba gari letu halitumii maji, na asubiri ipoe.

Karibu na Iten moshi mweusi ulianza kutufuata, kwa kuwa hewa ilikuwa nyepesi tena na petroli imezidi. Nililijua, na niliupenda moshi ule. Lilikuwa linapumua kwa shida na linafika.

Pale barabara inapomaliza kupanda Mama aliniambia nisimamishe. Alishuka, akanyoosha gauni, akafungua kibuyu. Alienda moja kwa moja nyuma ya gari, maana alikwishajua kichwa chake kiko wapi, akamwaga tone la mursik kwenye kifuniko cha injini. Kisha akanijia. Nilikuwa nimesimama na mikono myeusi, sijui niiweke wapi.

"Kunywa," alisema. "Nimechoka kurudi nacho nyumbani kimejaa."

Ndipo nikaelewa kwamba kibuyu hakikuwa cha mjomba hata kidogo. Alikifunga asubuhi ile akiwa na hukumu yake mdomoni na maziwa yangu magotini. Nililia, na sioni aibu kusema. Wasichana wawili wa mazoezi ya jioni walikuwa wakipita, jasho likiwatiririka, wakaona kibuyu wakapunguza mwendo, kwa sababu huku hakuna asiyejua kibuyu barabarani kina maana gani. Mmoja aliuliza ni nani ameshinda.

"Ni huyu wangu," Mama akasema.

Nikanywa palepale, watu wakiona, hadi mkaa ukanipaka midomo. Nilimwachia ndugu yangu kidogo, chini kabisa.